Jina la Mkaa

Mgiriki aliyejenga lile jengo la maduka kwenye bulvari, barabara kuu ya mji wa Bunia, alikuwa bahili, tena bahili wa kutajwa. Alitaka maduka matatu kwa matofali ya mawili, basi kuta za kati akazikatisha njiani: zilipita kichwa cha mtu mrefu kidogo tu, halafu hewa tupu mpaka kwenye mabati. Mwenyewe alikwenda zake zamani, serikali ilipochukua mali za wageni, na hakuna aliyelikumbuka hata jina lake. Lakini jengo lilibaki, na baraza yake ndefu yenye nguzo, na ule ubahili wake juu ya kuta. Ukikohoa katika duka la kati, wa kushoto na wa kulia wanakupa pole.

Kushoto alikuwa Lambert, muuza misumari, mabati na makufuli. Kulia alikuwa Vital, muuza chumvi, sabuni na makayabo, yale masamaki makavu yanayonuka mpaka barabarani. Katikati alikuwa Kahindo na vitenge vyake, na habari hii ni yake. Lambert Mhema, Vital Mlendu, Kahindo Mnande wa Butembo, kila mtu na kabila lake. Kabla ya vita hayo yalikuwa mambo ya kutaniana juu ya ukuta. Lambert alichekwa kwa ng'ombe aliowaacha kijijini na bado akiwaota, Vital kwa jembe lake, Kahindo kwa Unande wake, kwamba angeweza kukuuzia hata kivuli cha nguzo, tena akupimie kwa mita. Walicheka, halafu mtu akarusha kipande cha sabuni upande wa pili, na mwingine akarudisha msumari.

Makufuli ya maduka hayo yalitoka katika boksi moja la Lambert, na kila kufuli lilikuja na funguo tatu: mmoja wa mwenye duka, mmoja wa nyumbani kwake, na wa tatu wa jirani. Huo ulikuwa utaratibu wa bulvari nzima, wala hakuna aliyeuandika popote. Mtu akiugua, akifiwa, akisafiri, jirani anafungua, anauza, jioni anafunga. Kwa kuwa Kahindo alikuwa katikati, funguo za pande zote mbili alizikunja katika pindo la kitenge chake, na mlio wake kiunoni aliuzoea mpaka hakuusikia tena.

Kisha vita vya Wahema na Walendu vikaja, na mji ukawa unatoka mkono huu unaingia mkono ule. Sitazieleza zamu zote, maana hata waliokuwepo wanazichanganya. Kilichokuwa kilekile kila zamu ni mkaa. Upande ulioingia mjini, watu wake walishika vipande vya mkaa wakaandika majina yao milangoni: hii nyumba ya fulani, hili duka la fulani. Mlango wenye jina la upande uliotawala uliachwa. Mlango usio na jina ulivunjwa, na mlango wenye jina la upande ulioshindwa ulivunjwa kwa furaha zaidi.

Mume wa Kahindo, Fabrice, alikuwa amekwenda Butembo kuleta mali. Lori alilorudi nalo lilisimamishwa na wenye bunduki kabla ya kufika mji mdogo wa Komanda. Dereva aliyenusurika alikuja mwenyewe barazani, akasema amemwona kwa macho yake, asimngojee. Kahindo alimwambia asante, akamuuliza kama amekula, akampakulia maharagwe, akaosha sufuria. Hakulia. Aliyangoja machozi kama mtu anavyongoja lori la mali, na lori halikuja. Wanawake wa kwao waliokuja kumpa pole walikaa naye wakingoja aanze ili walie pamoja, mpaka wakachoka, wakatafuta viatu vyao mlangoni. Njiani walisema ana moyo wa jiwe. Hawakujua kwamba yeye mwenyewe usiku alikuwa akijifinya mkono aone kama bado anaumia. Alikuwa amekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi hajui pa kuanzia kujiamsha.

Mwezi wa tano askari Waganda waliokuwa wakiushikilia mji waliondoka, na kabla vumbi la malori yao halijatua, wapiganaji wa upande wa akina Vital walishuka kutoka vilimani. Lambert alikuwa amekwisha kuwapeleka mke na watoto ng'ambo ya ziwa, akarudi kulinda misumari yake. Mtu na akili yake! Asubuhi hiyo alikuja barazani anatweta, ndoo mkono mmoja, dumu la maji mkono wa pili.

"Mama Kahindo, unifungie."

"Wapi?"

"Humu, ndani. Kufuli ikiwa inje, nani atawaza mutu iko ndani?"

Kahindo alifungua pindo, akatoa ufunguo, akamfungia. Aliona ni kazi kama kazi nyingine, kama kufagia.

Mchana wapiganaji walifika kwenye jengo. Duka la kati halikuwa na jina mlangoni, kwa hiyo walianza na hilo. Walibeba vitenge vyote, na mita ya mbao, na kioo cha kujaribia. Kahindo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko lake dogo la mkaa, akichochea moto. Mmoja akamwambia, "Mama, sogeza muguu," na yeye akausogeza mguu ili bunda la vitenge lipite. Alilitazama likienda mpaka kwenye kona. Kama angeulizwa lilikuwa la nani, pengine angefikiri kwanza.

Halafu wakasimama mbele ya mlango wa Lambert, na Vital alikuwa pamoja nao. Hakushika bunduki. Alivaa koti lake lilelile la dukani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza mfupa.

"Hii ya nani?" kiongozi wao aliuliza, akilitikisa kufuli.

"Ya kwangu," Vital akajibu. "Hii na ile ya kule. Zote mbili."

"Weye uko na maduka mbili?"

"Hii ilikuwa ya Muhema. Sasa ni ya kwangu."

Alisema kwa sauti ya kutosha kuvuka kuta za Mgiriki zote. Akainama, akachukua kipande cha mkaa pembeni mwa mbabula ya Kahindo, akaandika juu ya mlango wa Lambert kwa herufi za mkono mzima: VITAL. Mlango wake mwenyewe alikuwa ameshauandika tangu asubuhi. Wale vijana wakacheka, wakampigapiga begani, wakaenda kuvunja duka lililofuata.

Vital alirudi peke yake baadaye kidogo, wakati wenzake wako mbali. Hakuutazama mlango wa Lambert hata kidogo. Aliweka pakiti ya chumvi karibu na mbabula.

"Naona unapika bugali ya batu mbili," alisema, macho yake barabarani.

Kahindo aliendelea kukoroga.

"Umuambie jirani asikohoe. Mimi nitafanya yote nitaweza, lakini asikohoe."

Akaenda. Na neno hilo, neno moja dogo ambalo hata kasuku angelifikisha, Kahindo hakulifikisha. Si kwa ubaya. Jioni alipanda juu ya meza yake ya kupimia vitenge, akapitisha sahani juu ya ukuta, na mikono ya Lambert ikaipokea gizani.

"Nilisikia sauti ya Vital," Lambert alinong'ona. "Alisema nini? Alisema duka ni yake?"

"Kula," Kahindo alisema.

"Mama Kahindo, nakuuliza."

"Kula, Papa Lambert. Itapoa."

Maneno yalikuwa mbali sana. Kuyafuata, kuyakokota, kuyapanga mdomoni, ilikuwa kazi kubwa kuliko kupika. Kesho nitamwambia, aliwaza, na kesho ilipofika aliwaza hivyohivyo. Siku zikapita. Lambert akala ugali wa Kahindo na chumvi ya Vital, akisikia milango ya bulvari ikivunjwa mmoja baada ya mwingine, wake haujaguswa, na kila siku alimchukia Vital zaidi kidogo. Ndiyo ubaya wa kufungiwa gizani na sentensi moja tu ya kutafuna.

Kisha asubuhi moja milio ya bunduki ikabadili upande. Walioingia walikuwa wakitoka, na wa upande wa akina Lambert walikuwa wakirudi mtaa kwa mtaa. Vital alikuja mbio barazani, kiatu kimoja hana.

"Mama Kahindo. Funga."

Hakuhitaji kueleza. Kahindo alifungua pindo, akachukua ule ufunguo mwingine, akamfungia ndani pamoja na makayabo yake. Kufuli lile lile la boksi moja, mlio ule ule. Milio ya bunduki ilipopungua na wimbo wa washindi ukasikika upande wa soko, alikwenda kushoto akamfungulia Lambert.

Lambert alitoka anapepesa macho, ndevu zimeota, suruali inamponyoka. Aligeuka kuufunga mlango wake, na hapo akaliona jina. Alilitazama muda mrefu mno.

"Nani aliandika?"

"Vital," Kahindo alisema.

Na hapo ndipo palipokuwa mahali pa kulisema lile neno la Vital. Lilikuwa hapo hapo, nyuma ya meno. Alilisikia likipanda, likafika kooni, likakaa. Lambert aliinua mkono wa shati kulifuta jina, kisha akauteremsha.

"Hapana. Ikae. Bakubwa baione kwa macho yao." Akajipiga kifua. "Mutoto yake akiugua, ni mimi nilimupeleka kwa dokta na baiskeli yangu. Mimi! Na yeye ananikula nikiwa bado muzima? Nitamutafuta. Akiwa hata chini ya udongo nitamutoa."

Akalibana kufuli, akashuka barazani, akaelekea upande wa wimbo.

Kahindo alibaki amesimama. Nyuma ya mlango wa kulia hapakuwa na sauti hata ya panya, na ukimya ule aliujua: ni wa mtu anayesikiliza kwa mwili mzima. Vital alikuwa amesikia yote. Lambert angerudi na wenye bunduki, nao wangemtafuta Vital mahali pa kwanza panapotafutwa mtu, yaani dukani kwake, chini ya jina lake. Hilo Kahindo alilielewa vizuri, kama anavyoelewa kwamba maji yakichemka yatamwagika. Aliangalia ndani yake kama kuna hofu, akaikuta kidogo, kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

Hiyo kidogo ilitosha kumwinua. Alichovya kitambaa katika maji ya kuoshea vyombo, akaenda kwenye mlango wa Vital, akalisugua jina. Halikutoka lote, liliacha wingu la kijivu kwenye rangi ya buluu. Akachagua kipande kikubwa cha mkaa, na juu ya lile wingu akaandika kwa herufi pana, akizikandamiza zikoze: LAMBERT. Mlango wa kushoto, wa Lambert, ukabaki na jina la Vital kama mwenyewe alivyotaka. Mlango wa kulia, wa Vital, ukawa na la Lambert. Kisha akarudi kigodani pake akakaa, viganja vyeusi juu ya magoti. Mikono haikuwa na nguvu hata ya kunawa.

Hazikupita dakika nyingi, wakaja. Lambert mbele, ananyoosha hatua kama mtu anayekwenda kudai haki yake, na nyuma yake kamanda mwenye miwani ya jua na vijana wenye bunduki.

"Ni hapa," Lambert alikuwa akisema. "Hapa njo alikuwa nafanyia biashara, mwizi yule. Mutaona, aliandika jina yake mupaka kwa..."

Alikuwa amefika kwenye nguzo ambapo milango yote mitatu inaonekana kwa pamoja. Aliutazama mlango wake wenye jina la Vital. Akautazama mlango wa Vital wenye jina lake. Akakitazama kigoda, na Kahindo, na viganja vya Kahindo.

"Duka ya Vital njo gani?" kamanda aliuliza.

Lambert aliendelea kuvitazama vile viganja. Kahindo aliinuka. Alikuwa akifungua pindo la kitenge chake na akitembea kumwendea Lambert kama jirani yeyote anayempelekea mwenzake ufunguo. Kamanda alikuwa amegeuka kuwafokea vijana wake waliokuwa wakigombania kiti kilichovunjika. Kahindo alisimama karibu na sikio la Lambert, na neno lililokuwa limekaa kooni likatoka, likiwa kavu.

"Kuna neno sikukuambia. Siku ile alinirudilia na chumvi. Alisema, umuambie jirani asikohoe."

Lambert alimtazama. Usoni mwake palipita mambo mengi, na Kahindo, ambaye kwa muda mrefu nyuso za watu zilimpita kama magari, aliyaona yote. Aliona mtu anakumbuka milango yote iliyovunjwa kulia na kushoto, na wake uliobaki. Aliona mtu anaionja tena chumvi mdomoni.

"Muzee, nakuuliza!" kamanda alisema. "Ya Vital njo gani?"

Lambert aliinua mkono, na mkono ukaenda kushoto, kwenye duka lake mwenyewe.

"Haujui kusoma?" alisema. "Iko imeandikwa. Ile njo ya Vital. Hii ingine ni ya kwangu."

"Funguo iko?"

"Huyu mama njo anawekaka funguo ya batu bote." Akageuka kwa Kahindo, na sauti yake ilikuwa ya taratibu kabisa. "Mama Kahindo, bapatie funguo ya Vital."

Kahindo alikuwa na funguo mbili kiganjani, zinafanana kama mapacha. Ule wa kushoto ulikuwa umekwaruzwa kichwani. Aliuchagua huo, akampa kamanda.

Waliingia. Walitoka na mabati, vijana wawili kila ncha. Walitoka na makopo ya rangi, waya, mapanga mapya yakiwa bado na mafuta yake, misumari ndani ya magunia. Mmoja alikuta ndoo kwenye kona, akatukana, wengine wakacheka kwamba yule Mlendu alikuwa mchafu. Lambert alicheka nao. Alisimama katikati ya baraza, mikono nyuma, akatazama kazi yake ya tangu ujana ikishuka ngazi, na kila alipopita mtu na mzigo alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kamanda alimsogelea, akampa kufuli jipya ndani ya karatasi yake.

"Chukua, muzee. Fungu yako."

"Aksanti, mukubwa," Lambert alisema, akalipokea kufuli lake.

Walipoondoka Lambert aliokota msumari mmoja uliodondoka, akaupangusa vumbi, akautia mfukoni. Kahindo aliwasha mbabula. Alipika ugali na kipande cha makayabo alichokuwa amepewa na Vital zamani, na alipoonja mboga alishtuka kidogo, kwa sababu aliisikia ladha yake. Alipakua sahani tatu.

"Mimi njo nitapeleka," Lambert alisema.

Waliingia duka la kati, wakaegesha mlango. Lambert alipanda juu ya meza ya vitenge, na meza ilikuwa mbovu, kwa hiyo Kahindo alimshika miguu. Akapitisha sahani juu ya ukuta wa Mgiriki. Upande wa pili mikono iliipokea polepole, maana mwenye mikono hakujua ni ya nani hiyo iliyompa.

Kisha sauti ya Vital ikaja, chini kabisa.

"Mama Kahindo. Nilisikia banabeba vitu. Banavunja ya nani?"

Kahindo alifungua mdomo, lakini Lambert alimtangulia.

"Ya Vital," alisema.

Nyuma ya ukuta Vital alihesabu kichwani: mlango, jina, kushoto, kulia, sauti ya nani hii. Halafu sahani iliwekwa sakafuni, na pakasikika mlio wa mtu anayejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mlio unampita kati ya vidole, na anapaliwa.

Kitu cha moto kilidondoka juu ya mikono ya Kahindo iliyoshika miguu ya Lambert. Alifikiri mchuzi umemwagika. Akatazama juu, sahani ilikuwa imeshakwenda. Kikadondoka kingine, na kingine, na alipovuta pumzi alisikia kifua chake kizima kinauma, upande hadi upande, na jina la Fabrice likamtoka mdomoni bila kulitafuta. Alilaza paji la uso kwenye ndara za Lambert, akalia.

Juu ya meza Lambert hakusogeza mguu. Alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wake kwenye ule uwazi.

"Usikohoe, jirani," alisema. "Bado beko barabarani. Usikohoe."